Lami Inayojiponya: Jua Tunalo, Kinachotuishia ni Mafuta

Mwezi wa pili mwaka huu niliwakuta vijana wa matengenezo wakiziba mashimo kwenye barabara ninayoipita kila asubuhi. Walikuwa wanaijua kazi yao. Kingo za shimo walizichonga zikasimama wima, wakafagia vumbi lote, wakamwagia lami ya moto kwa ndoo iliyotobolewa matundu chini, wakajaza mchanganyiko, kisha pikapu yao ikapita juu ya kiraka mbele na nyuma mpaka kikalingana na barabara. Hatua kumi kutoka hapo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unafuata njia ya matairi kwa mita tatu hivi. Nikamwita msimamizi wao nikamwonyesha. Akauangalia vizuri, akanijibu kwa adabu: "Mama, huo bado. Fungu letu ni la mashimo."

Simlaumu yule kijana. Alichosema ndivyo tunavyozitunza barabara zetu karibu zote: pesa hutoka shimo likishakuwa shimo. Na jibu lake limenikaa kichwani kwa sababu kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia kazi za wahandisi wanaotengeneza lami inayojiponya, lami ambayo ufa wake huzibika kabla hata jicho la mtu halijauona. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wanazungumzia ufa ulioko mbele ya macho. Hawa wanauzungumzia ule unaoonekana kwa hadubini, na wanasema huo ndio wenye faida kuuziba, kwa kuwa ukishafika wa kuonekana, sehemu kubwa ya umri wa barabara imekwenda.

Simulizi ya vitendo inaanzia Uholanzi. Desemba 2010, kwenye barabara kuu ya A58 karibu na mji wa Vlissingen, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kiliwekwa kipande cha lami chenye urefu wa mita 400. Kwa kukitazama huwezi kukitofautisha na barabara nyingine. Ndani yake, pamoja na kokoto na lami, zilichanganywa nyuzi fupi nyembamba za chuma, ndugu wa ile stili waya tunayosugulia masufuria. Waliobuni ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft wakiongozwa na Profesa Erik Schlangen.

Kwa nini chuma? Waholanzi wamezifunika barabara zao kuu nyingi kwa lami yenye matundu. Karibu moja ya tano ya ujazo wake ni hewa tupu. Mvua ikinyesha, maji huzama ndani ya tabaka na kutokea pembeni, kwa hiyo magari hayarushiani maji na kelele za matairi hupungua. Lakini kokoto za lami ya namna hiyo zimeshikana kwenye nukta chache tu, hewa inaingia kila upande, lami inakauka mapema, na kokoto zinaanza kuchomoka moja moja. Uso wa barabara unabaki kama mkate uliodonolewa na kuku. Kabla kokoto haijachomoka, lami inayoishikilia huwa imekwisha kupata nyufa ndogo sana, na hapo ndipo chuma kinapoingia kazini. Gari maalumu lenye koili ya umeme hupita polepole juu ya barabara, nguvu ya sumaku inazipasha moto zile nyuzi, nazo zinaipasha lami inayozizunguka mpaka kwenye nyuzi joto 85 hivi. Lami inalegea, inatiririka kuingia kwenye nyufa, gari likishapita inapoa, na ufa umefungwa. Ndiyo kanuni ya majiko ya umeme ya induksheni, yale yanayoichemsha sufuria huku jiko lenyewe haliwaki.

Schlangen aliwahi kusimama jukwaani mjini Delft mwaka 2012 akavunja kipande cha lami kwa ubavu wa kiganja, kama mcheza karate, akakitia kwenye maikrowevu, akaendelea na maelezo yake, na mwisho wa mazungumzo akakitoa kikiwa kimeungana. Watu walikumbuka ile karate. Mimi nilichokishika ni hesabu zake: kwa makadirio yake lami hiyo ni ghali kwa kama asilimia 25 kuliko ya kawaida, na gari la kupasha likipita kila baada ya miaka minne, umri wa uso wa barabara unaweza kufika mara mbili.

Miaka minne. Fikiri barabara yoyote ya lami uliyoshuhudia ikizinduliwa miaka minne iliyopita, kama mkandarasi hakuiba unene. Alama nyeupe bado zinang'aa, hakuna shimo, watu wanaisifia. Ndipo huyu Mholanzi anaposema sasa lipa, leta mashine, iponye. Kamati gani ya bajeti kwetu ingempa hata dakika kumi?

Nitarudi kwenye hilo la pesa. Kwanza lazima tuelewe nini hasa kinachopona, maana hapa ndipo magazeti yetu yanapoandika "barabara ya ajabu" na kuishia hapo.

Lami kwa maumbile yake hujiponya. Hii si habari mpya. Mwaka 1967, kwenye mkutano wa kimataifa wa usanifu wa barabara huko Ann Arbor, jimboni Michigan, watafiti wawili, Bazin na Saunier, walieleza jinsi vipande vya lami vilivyovunjwa kisha vikaachwa vipumzike vikiwa vimebanwa pamoja vilivyorudisha sehemu kubwa ya nguvu zao. Lami ni kitu kati ya kigumu na kimiminika. Ndani yake mna viini vizito vyeusi vinavyoipa ugumu, na mna mafuta mepesi ambamo viini hivyo vinaogelea. Ikipata joto na ikapewa muda wa kupumzika, mafuta hayo huisogeza lami, kuta mbili za ufa zinagusana, zinalowana, zinashikana. Aliyewahi kusimama kandokando ya barabara ya Dodoma saa nane mchana mwezi wa kumi ameliona hilo kwa nyayo zake: lami inang'aa, inanata kwenye kandambili, na tairi la lori lililosimama foleni linaacha alama.

Kwa hiyo uponyaji unataka vitu viwili vikutane: joto la kuilegeza lami, na mafuta ndani ya lami ya kuifanya iweze kutiririka. Hapa ndipo nadhani sisi tunaoishi kwenye jua tunapaswa kuisoma teknolojia hii kwa macho yetu wenyewe. Mholanzi ana lami ambayo mafuta yake hayaishi upesi kama ya kwetu, lakini hana joto. Baridi ya miezi mingi inaiacha lami yake ngumu, nyufa zinakaa wazi, ndiyo maana alilazimika kubuni mashine ya kuipasha. Sisi joto tunapewa bure. Uso wa barabara nyeusi kwenye jua kali la mchana hupita nyuzi 60, na lami ya daraja la 60/70 (kipimo cha ugumu wa lami) inayotumika sana kwenye barabara zetu huanza kulegea kwenye nyuzi 50 na kidogo. Kila mchana wa kiangazi jua linapasha barabara zetu kwa saa nyingi kuliko gari lolote la koili litakavyoweza.

Kinachotuishia ni mafuta.

Jua lilelile linaloilegeza lami ndilo linaloikausha. Hewa na mwanga vinayala yale mafuta mepesi, viini vizito vinaongezeka, na lami iliyokuwa inanyumbuka inakuwa kama ukoko uliokaa juani. Utafiti uliofanyika Kenya miaka ya 1980, ulioshirikisha maabara ya barabara ya serikali ya Uingereza na wahandisi wa wizara ya ujenzi ya Kenya, ulionyesha jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havikulitilia uzito: katika nchi za joto lami inakuwa ngumu kupita kiasi kwenye milimita chache za juu kabisa, na nyufa nyingi huanzia juu kwenda chini. Vitabu vilikuwa vimewafundisha wahandisi watafute ufa unaoanzia chini ya tabaka, pale uzito wa magari unapolivuta. Barabara za kitropiki zilikuwa zinapasuka kutokea usoni, penye jua. Na tiba iliyopendekezwa ilikuwa ya kawaida kabisa: lifunike tabaka hilo mapema, kwa kulipulizia lami nyembamba na kulimwagia kokoto ndogo, ili jua lisiifikie lami iliyo chini.

Nimekulia Pwani, na nikisoma habari hizi nakumbuka mashua ya babu yangu mzaa mama. Maji ya bamvua yalipoipandisha mchangani, mashua ililazwa ubavu, ikakwanguliwa, mianya ya mbao ikakalafatiwa kwa pamba, chini kuanzia mkuku ikapakwa deheni ya chokaa na mafuta, na juu mbao zikasuguliwa sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayonuka mpaka kwenye nguo za walio mbali. Nilipomuuliza kwa nini anaipaka sifa mashua ambayo haivuji, alinijibu kuwa mbao ikishakauka haikumbuki tena mafuta. Ikikauka inapinda, ikipinda misumari inalegea. Ratiba yake aliifuata kwa msimu na kwa maji, mashua ikiwa nzima, na ilimfaa mpaka uzee wake.

Tawi la pili la utafiti wa lami inayojiponya linafanana na ile sifa ya babu. Badala ya kutia chuma, watafiti wanafunga mafuta ndani ya vidonge vidogo sana na kuvichanganya kwenye lami. Vidonge hukaa humo vimelala. Ufa mdogo ukipita mahali vilipo, kidonge kinapasuka, mafuta yanavuja, yanairudishia lami iliyokauka ule wepesi wake, na ufa unajifunga. Chuo Kikuu cha Nottingham kimefanya kazi kubwa ya vidonge vya mafuta ya alizeti vilivyofunikwa kwa alginati, utomvu unaotokana na mwani. Mapema mwaka 2025 timu ya Chuo Kikuu cha Swansea, King's College London na wenzao wa Chile ilieleza njia nyingine: imetumia spora, ule ungaunga wa kuzalia wa mimea midogo, ikazijaza mafuta yaliyotokana na taka, na maabara ikaonyesha ufa mdogo ukifungika ndani ya muda usiofika saa moja. Mmoja wa wanaoiongoza kazi hiyo, José Norambuena-Contreras, alianza safari yake kwao Chile, katika Chuo Kikuu cha Bío-Bío. Nalitaja hilo kwa makusudi. Chile haikungoja mwaliko wa mtu.

Nikisoma "mwani" na "mafuta yaliyotokana na taka", siwezi kujizuia kuangalia huku nyumbani. Mwani unavunwa Zanzibar na wanawake waliozama maji mpaka kiunoni, ukauzwa nje ukiwa mkavu kwa bei ya kutupa. Aina tunayoilima zaidi si ile inayotoa alginati, lazima niseme ili nisimdanganye mtu, lakini elimu ya kuchuja utomvu wa mwani ni elimu tunayoihitaji kwa hali yoyote. Mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi, ambayo kila mji wetu unayamwaga mitaroni au yanarudishwa sokoni kwa siri yakaharibu afya za watu, yamepimwa katika maabara za nchi nyingi kama mafuta ya kurudishia uhai lami iliyozeeka. Na kuna korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua vidole vya akina mama wanaobangua kwa mikono huko Mtwara na Lindi. Mafuta hayohayo yamefanyiwa majaribio Brazil na India kama kiungo cha lami, kwa kuilainisha na kuipunguzia kasi ya kuzeeka. Sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa na maganda yake. Tunapeleka ng'ambo mafuta ya maganda, kisha tunaagiza lami kutoka ng'ambo.

Na lami tunaagiza kweli. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilisimama mwaka 2013, na kile cha TIPER cha Dar es Salaam kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta ghafi miaka mingi kabla ya hapo. Piga hesabu nami. Barabara ya upana wa mita 7, tabaka la unene wa milimita 50, kilomita moja: hizo ni mita za ujazo 350, uzito wake ni kama tani 840. Lami ndani yake ikiwa asilimia 5 tu, ni tani 42, yaani zaidi ya mapipa 230 ya kilo 180 kila moja, kwa kilomita moja na kwa tabaka moja. Kila pipa limelipiwa dola, limevuka bahari, limesafirishwa hadi kiwandani, na humo mchanganyiko umepashwa moto mpaka nyuzi 150 na zaidi kwa dizeli au mafuta mazito. Kokoto zake zimetoka kwenye mlima ambao hautaota tena. Neno "endelevu" tumelichosha kwenye warsha, lakini hapa lina maana unayoweza kuipima kwa mapipa: barabara iliyokaa miaka 20 bila kufumuliwa, badala ya 10, imetuachia mapipa 230 kwa kila kilomita na kipande cha mlima kikiwa bado kimesimama.

Sasa nigeukie upande wa tahadhari, kwa sababu napenda teknolojia hii na sitaki iuzwe kwetu kama dawa ya kila ugonjwa.

Kidonge cha mafuta kikizidi, lami inalainika. Uholanzi hilo ni tatizo dogo. Kwenye barabara ya Chalinze kwenda Morogoro ni janga, kwa sababu kwenye joto letu lami laini chini ya lori zito hukanyagika ikawa mifereji miwili ya matairi, ile inayomnyang'anya dereva wa basi usukani mvua ikinyesha. Barabara zetu zina magonjwa mawili yanayotaka dawa zinazopingana: usoni zimekauka zinapasuka, na chini kidogo ni laini zinadidimia. Kipimo cha mafuta kilichofaulu kwenye maabara ya Swansea hakiwezi kuletwa hapa kama kilivyo. Lazima kipimwe kwa kokoto zetu, joto letu na malori yetu, na ndiyo maana nasema kazi hii ina sehemu isiyoweza kununuliwa.

Na malori yenyewe. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja, yaani mhimili mmoja, ya matairi manne. Jaribio kubwa la barabara lililofanyika Ottawa, jimboni Illinois, kuanzia mwaka 1958, lilitufundisha kuwa madhara ya ekseli hupanda kwa kasi inayokaribia kipeo cha nne cha uzito wake. Tafsiri yake: ekseli ikibeba tani 12 badala ya 10 imeongeza uzito kwa moja ya tano, lakini madhara yamezidi mara mbili. Anayepokea kitu kwenye mizani ya Vigwaza, Tanzania, au Mariakani, Kenya, ili lori lipite anavunja barabara kwa kiwango ambacho kidonge hakifikii. Tena lami hupona inapopumzika, na barabara inayokanyagwa mchana na usiku bila nafasi kati ya lori na lori haina saa ya kupumzika.

Maji nayo. Mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, Mei 2024, tuta zima lilisombwa na magari yakakaa foleni siku kwa siku pande zote mbili. Hapo lami ilikuwa kitu cha mwisho kabisa kwenye orodha. Kalvati finyu, mtaro uliojaa taka na mchanga, udongo wa mfinyanzi chini ya tabaka la msingi, hayo hayaponywi na chochote kinachochanganywa kwenye lami. Hata nyuzi za chuma zina matatizo yake: zikiwa ndefu hujiviringa vifundo wakati wa kuchanganya, na zikipashwa kupita kiasi huizeesha lami ileile zilizokusudiwa kuiponya.

Baada ya kuyapima hayo yote, msimamo wangu ni huu. Kwa barabara zetu, njia ya chuma na koili tuiache kwa walioibuni. Mashine ni ghali, na kazi yake kuu, kutia joto, jua letu linaifanya. Njia ya mafuta ndiyo yetu. Na njia hiyo haianzi na vidonge. Inaanza na kitu ambacho mainjinia wa mikoa wanakijua tangu chuoni: kuupulizia uso wa barabara mafuta ya kuhuisha lami au tabaka jembamba la lami na kokoto ndogo, mwaka wa tatu au wa nne, kabla ufa haujaonekana. Hiyo ndiyo sifa ya mashua. Vidonge vitakapokuwa tayari kwa soko vitafanya kazi ileile kutokea ndani, na vitainufaisha zaidi nchi iliyokwisha kuzoea kutibu barabara nzima.

Mazoea hayo ndiyo hatuna, na hapa nawageukia wenye mafungu. Tanzania imekuwa na Mfuko wa Barabara kwa sheria ya mwaka 1998. Kenya ina ushuru wa matengenezo ya barabara kwenye kila lita ya mafuta, uliopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024, wananchi wakilalamika na wakilipa. Mifuko hii ilianzishwa kwa wazo zuri sana, kwamba anayeitumia barabara achangie kuitunza kila siku, pesa isingoje bajeti kuu. Lakini pesa inayokusanywa kila siku kwa kila lita, ikifika barabarani inageuka kuwa pesa ya mashimo. Mbunge anaulizwa juu ya shimo. Mkandarasi wa kata analipwa kwa mita za mraba za viraka. Picha ya kiraka inapigwa kabla na baada, inaambatanishwa kwenye hati ya malipo. Picha ya ufa wa unywele uliozibwa itaonyesha nini? Kabla: barabara nzuri. Baada: barabara nzuri. Mkaguzi wa hesabu atauliza pesa imekwenda wapi, na injinia mwaminifu anayejua alichokifanya ataonekana mwizi.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Tumejenga utaratibu ambao ndani yake busara inafanana na ubadhirifu, na uzembe una ushahidi wa picha.

Upo mlango wa kutokea, na umeshajaribiwa Tanzania na Kenya kwa viwango tofauti: mikataba inayomlipa mkandarasi kwa hali ya barabara, mwezi kwa mwezi kwa miaka kadhaa, badala ya kumlipa kwa kiraka. Akipewa kilomita 100 na kuambiwa utalipwa zikiwa hazina mashimo na mitaro iko wazi, yeye mwenyewe atauziba ufa wa unywele, kwa kuwa shimo litatoka mfukoni mwake. Mkandarasi wa namna hiyo ndiye pia mteja wa kwanza wa lami inayojiponya. Hatahitaji kushawishiwa na profesa jukwaani. Atapiga hesabu: asilimia 25 zaidi leo, matengenezo machache kwa miaka kumi ijayo. Chini ya mikataba ya kulipa kwa viraka, lami ya hivyo itamharibia biashara.

La pili ninaloliomba ni dogo kwa gharama. Waholanzi walianza na mita 400. Zipatikane mita 400 kwenye ukanda wa joto na malori, tuseme kati ya Vigwaza na Chalinze, na nyingine 400 upande wa Kenya kati ya Mariakani na Voi. Zigawanywe vipande vinne: cha kwanza kiachwe kama tunavyojenga siku zote, cha pili kifunikwe mapema kama ule utafiti wa Kenya ulivyoshauri, cha tatu kitiwe mafuta yaliyotokana na ganda la korosho, cha nne mafuta yaliyokaanga chipsi. Idara za uhandisi za vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada. Kila mwaka, mwezi uleule, zikatwe sampuli za duara, ile milimita chache za juu ikwanguliwe na kupimwa imekauka kiasi gani, na kina cha mifereji ya matairi kipimwe kwa rula. Matokeo yabandikwe hadharani, mazuri kwa mabaya, kwa Kiswahili ambacho fundi wa greda atakisoma.

Nina ombi moja la nyongeza kwa watakaosimamia kazi hiyo. Vipande hivyo viachwe miaka kumi. Asije kiongozi mpya mwaka wa tano akaagiza eneo lote lifumuliwe kwa ajili ya upanuzi bila kuwauliza wanaopima. Na kwenye fungu la kila mwaka kiandikwe kifungu kinachojitegemea, chenye jina lake na kiasi chake: kuziba nyufa. Ule ufa wa mita tatu niliomwonyesha yule kijana nimeupima tena wiki iliyopita kwa sarafu ya shilingi mia mbili. Sasa sarafu inasimama ndani yake.